Lukaya, usiku wa tarehe 10: safari ya kumfuata Kipa

Nimerudi nyumbani Bukoba wiki mbili sasa. Haya nimeyajenga upya kutoka kwenye daftari dogo nililokuwa nalo mfukoni na picha za simu. Baadhi ya picha hizo ni giza tupu, kwa sababu nilizipiga usiku mahali pasipo na taa.

Niliyemfuata ni mwenzangu wa bweni. Familia yake imeniomba nisiandike jina lake, kwa hiyo nitamwita kama tulivyomwita shuleni: Kipa. Tulisoma wote Ihungo, tukamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Alikuwa mrefu kuliko wote bwenini, miguu inatokeza nje ya kitanda, na aliposimama golini ulikuwa unajiuliza mpira utapita wapi. Majengo tuliyolala yaliharibiwa na tetemeko la Septemba 2016, shule ikajengwa upya. Siku hizi nikipita pale sina hata ukuta wa kumwonyesha mjukuu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, likachoma, likaua, likaswaga ng'ombe wetu hadi ng'ambo. Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Jeshi letu lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapanuliwa hadi zaidi ya 150,000, na kati ya walioongezwa walikuwamo mgambo wengi, vijana wa kijijini na maofisini kama sisi. Mimi na Kipa tulikwenda kujiandikisha siku moja. Mimi nilirudishwa kwa sababu ya pumu. Yeye wakamchukua. Nilipata barua yake moja tu, ameiandika Masaka mwishoni mwa Februari 1979. Baada ya hapo familia ikaletewa taarifa ya mistari miwili: ameuawa vitani, Machi 1979, eneo la Lukaya, kule Uganda, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala.

Kilichonitoa nyumbani nikiwa na miaka 67 ni neno la mtu. Mwaka jana tulimzika mwalimu wetu wa zamani. Tumekaa chini ya turubai, tunakula, mmoja wa wenzetu wa shule akasema: "Kipa? Si walikimbia pale Lukaya. Alikufa anakimbia." Akaendelea na sahani yake. Dada yake Kipa alikuwa kiti cha nyuma yetu. Sikumjibu yule bwana, kwa sababu sikuwa na cha kumjibu. Nilikuwa sijapaona Lukaya hata siku moja, nami naishi mwendo wa siku moja kutoka pale.

Siku ya 1. Jumapili, 9 Machi 2025. Bukoba – Mutukula – Masaka

Nilitoka saa 12 asubuhi. Gari dogo hadi Mutukula, kilomita 80 hivi, shilingi 5,000 za kwetu. Tulivuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo jeshi la Amin lililipua daraja Novemba 1978 ili askari wetu wasivuke. Niliwahi kupita pale mara nyingi nikienda kusahihisha mitihani, na sikuwahi kutazama chini. Safari hii nilitazama. Maji ni ya kahawia, yanakwenda kasi kuliko yanavyoonekana kwa mbali.

Mutukula ina kituo kimoja cha pamoja: unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja. Kwa Mtanzania atakayefuata njia hii: chukua pasipoti au hati ya muda ya safari, maana kitambulisho cha taifa peke yake hakikuvushi. Chukua pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi niliulizwa, na kijana aliyekuwa mbele yangu alitolewa pembeni kwa kuikosa. Viza hulipi. Pesa nilibadilisha kidogo tu mpakani, 100,000 ya kwetu nikapewa 138,000 ya Uganda, zilizobaki nikabadilisha Masaka kwa bei nzuri zaidi.

JWTZ waliiteka Mutukula Januari 1979. Nilimwuliza mama muuza chai kama kuna nyumba iliyobaki ya zamani. Akacheka kwa upole, "Mzee, hapa kila kitu ni kipya." Chai na chapati mbili, 2,500.

Takisi ya kwenda Masaka (kule takisi ni ile basi ndogo ya watu 14) haitoki mpaka ijae. Tulikaa saa moja na dakika arobaini. Nauli 20,000. Konda alikuwa kijana mdogo, aliposikia Kiswahili changu akanitoa kiti cha nyuma akaniweka mbele kwa dereva, "Mzee wa Tanzania akae mahali pa kunyoosha miguu." Alimwinua mtu kwa ajili yangu na yule mtu hakununa.

Kabla ya Kyotera tulipata pancha. Tairi la akiba nalo halina upepo. Dereva akachukua bodaboda kwenda kulijaza, sisi tukakaa kwenye nyasi. Ndiyo nafasi niliyoitumia kusikiliza Kiganda. Sisi Wahaya tunakisikia nusu nusu, kama redio ya jirani. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la maparachichi alinimenyea moja kwa kisu, akanyunyiza chumvi kutoka kwenye kikaratasi, akanipa bila kuuliza kama nataka. Nikasema webale nnyabo. Akanijibu kwa Kihaya. Kumbe mama yake mzazi ni wa Kanyigo.

Nilifika Masaka saa 11 jioni. Chumba 45,000, safi, maji ya moto kwenye ndoo. Chakula cha jioni kilikuwa matooke na mchuzi wa karanga, 8,000. Kwetu ndizi tunazipika na maharage chungu kimoja. Wao wanazifunga kwenye majani ya mgomba, wanazipika kwa mvuke, kisha wanazibonyeza zikiwa bado ndani ya majani hadi zinakuwa kama mto wa kulalia. Kipa aliandika kuhusu hilo. "Wanatupa ndizi zilizopondwa, laini, huhitaji meno."

Siku ya 2. Jumatatu, 10 Machi. Masaka – Lukaya

Asubuhi nilikaa kwenye benchi la fundi cherehani karibu na soko, nikatoa barua. Ni karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Nainakili hapa sehemu yake, kwa ruhusa ya dada yake:

"Mji huu umebomoka sana. Watu wanatuita Bakombozi na watoto wanatufuata. Buti langu la kushoto limeachia soli, nimelifunga kwa waya wa simu. Nimemwona mzee mmoja amekaa juu ya matofali ya nyumba yake, hakutupungia mkono kama wengine. Mwambie dada nakula vizuri."

Masaka iliangukia mikononi mwa JWTZ tarehe 24 Februari 1979, baada ya kupigwa mizinga kutoka vilimani. Kisha majengo mengi yakalipuliwa kulipiza yale ya Kagera. Haya ni mambo yanayojulikana, na sisi Tanzania hatupendi kuyasema. Mizinga yetu ya makombora kule waliiita Saba Saba, na jina hilo wazee wanalikumbuka hadi leo.

Fundi alikuwa mtu wa miaka sabini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniuliza ninasoma nini. Nikamwambia. Alinyamaza akamaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akasema kwa Kiswahili kizuri tu:

"Mlitukomboa, ssebo. Na duka la baba yangu mlilivunja. Yote mawili ni kweli."

Nikamwambia pole. Sikujua neno jingine. Akasema, "Huyo rafiki yako alimwona mzee juu ya matofali?" Nikasema ndiyo. "Basi alikuwa na macho." Akaniambia nimpe shati langu, kifungo cha pili kimelegea. Akakishona, akakataa pesa.

Nilikaa na maneno yake njia nzima. Kwa miaka mingi nilimweka Kipa moyoni kama picha ya ukutani, shujaa wa vita ya haki. Vita ilikuwa ya haki, hilo sitalirudisha nyuma. Ila sikuwahi kufikiri kwamba kijana wa miaka 21 alipita katikati ya mji uliovunjwa na upande wake mwenyewe, akamwona mzee asiyempungia mkono, na akaona inafaa kuniandikia.

Kutoka Masaka hadi Lukaya ni mwendo mfupi. Takisi unazipata Nyendo, pembeni mwa mji wa Masaka, nauli 7,000. Saa saba mchana nilikuwa nimefika.

Lukaya ni mji wa barabarani hasa. Malori ya kwenda Rwanda na Kongo yanalala pale, kwa hiyo Kiswahili kimejaa: cha Mombasa, cha Goma, cha kwetu. Basi likisimama tu, wauzaji wenye makoti ya sare wanakimbilia madirishani na mishikaki ya nyama, kuku wa kuchoma, maji na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Kwa atakayepita: nunua gonja hapa, usingoje Kampala. Mbili kwa 2,000, moto moto. Chumba cha kulala wageni nilipata kwa 30,000. Hakikisha chandarua hakina tundu. Mbu wa kinamasi kile hawana mzaha. Omba chumba cha nyuma, la sivyo breki za malori zitakukesha.

Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Nilianza na mwenye nyumba ya wageni, akanipeleka kwa muuza mkaa, muuza mkaa akanipeleka kwa mzee mmoja anayeuza vipuri vya baiskeli nyuma ya msikiti. Wote wanamwita Hajji. Nilipojieleza, aliuliza kwanza kama nimekula. Nikasema nimekula Masaka. Akasema, "Sisi tumefunga. Rudi saa ya futari, utakula na sisi, halafu tutazungumza. Habari za vita hazisimuliwi mtu akiwa na njaa." Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima ziliangukiana, kwa hiyo wote wawili tulikuwa katika mfungo wa aina yake.

Futari ilikuwa uji wa mtama, tende, mihogo ya kuchemsha na samaki wa kinamasi wenye mchuzi wa nyanya. Tulikaa kwenye mkeka uani, wajukuu wake wanne na mimi. Baada ya swala akarudi, akavuta kigoda, akaanza bila kuulizwa.

Mwaka 1979 alikuwa na miaka 14. Watu wengi wa Lukaya walikuwa wamekimbilia vijijini. Wao walijificha kwenye migomba ya babu yake, si mbali na barabara. Asubuhi ya tarehe 10 Machi, Jumamosi, Watanzania waliingia mjini. Walikuwa brigedi ya 201, wengi wao wapya vitani. Hilo nalijua kutoka kwa askari mstaafu mmoja wa kwetu. Jioni ndipo yalipoanza kuja makombora kutoka ng'ambo ya kinamasi. Gaddafi alikuwa amemletea Amin askari wa Libya, na kama elfu moja kati yao walikuwa pale, wakiwa na vifaru na mizinga ya makombora mengi, ya aina ile ile ya Saba Saba.

"Yalipita juu," Hajji alisema, akichora upinde hewani kwa kidole. "Yalikuwa yanaangukia nyuma yao. Lakini sauti, Mwalimu. Mbingu ilikuwa nyekundu na ardhi inatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Na wale ni watoto. Walikimbia."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Walikimbia: wengine barabarani kurudi upande wa Masaka, wengine wakaingia kinamasini.

Nilikuwa nimekwenda pale nikitumaini mtu ataniambia kwamba haikuwa hivyo. Mwenzetu aliyesema lile neno chini ya turubai hakusema uongo. Nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na sikuweza kukipeleka mdomoni.

Hajji aliona. Akaendelea taratibu zaidi.

"Usiku wa manane mmoja aliingia jikoni kwetu. Jiko la nje, la matete. Mama yangu alikuwa amejificha humo na mtoto mchanga. Alikuwa na tope hadi hapa," akagusa kifua. "Hana buti. Bunduki anayo, ameishika hivi, juu, isiingie maji. Mama alifikiri ni wa Amin, kwa sababu alisema kwa Kiswahili. Sisi Kiswahili tulikijua ni lugha ya wanaokuja kuchukua. Kisha akasema tena, 'Mama, maji.' Mama akampa kibuyu. Akanywa, akakaa chini, akatetemeka muda mrefu. Hakusema kingine. Alfajiri, kabla jogoo hajawika mara ya pili, akasimama akatoka."

"Alikwenda upande gani?"

Hajji alinyoosha mkono kuelekea barabara kuu, kaskazini. "Upande wa bunduki. Si upande wa Masaka. Mimi nilimtazama kwenye majani. Na hakuwa peke yake, walikuwa wanatoka kwenye mafunjo mmoja mmoja, wengi, wameloa, wanaitana kwa sauti ndogo."

Nikamwuliza swali ambalo koo lilikuwa limekauka nalo tangu aliposema hana buti. "Yule aliyeingia jikoni, alikuwa mrefu?"

Alifikiri. Hakutaka kuniumiza, lakini hakutaka kunidanganya pia. "Hapana. Mfupi. Mwembamba, mfupi. Mama alisema anafanana na mjomba wetu."

Si Kipa.

Saa nne usiku nilimwomba anionyeshe barabara kama ilivyokuwa saa zile. Akaniambia magoti hayamruhusu, akanipa mjukuu wake, kijana wa chuo mwenye bodaboda. Tulitoka mjini kuelekea Lwera, pale barabara inapokatiza kinamasi juu ya tuta. Lami ya sasa ni pana na malori yanapita kama treni, ila pembeni, ukishuka hatua tano tu, giza ni lile lile. Mafunjo yanasimama juu ya kichwa cha mtu. Hakuna mti. Nilitafuta mahali ambapo mtu angejificha ikiwa anga linawaka, nikakosa. Ama barabara, ama maji.

Nikavua viatu. Kijana akasema, "Jjajja, hapana." Nikamwomba anishike mkono. Niliingia hadi katikati ya muundi. Chini ni laini, unazama polepole, na kitu kinakushika vifundo, mizizi au tope, sijui. Maji yalikuwa vuguvugu. Sikutegemea hivyo. Miaka 46 nilikuwa namwona katika maji ya baridi. Nilisimama hadi lori la tatu likapita na taa zake, kisha nikatoka.

(Msifanye hivyo ninyi. Maji yaliyotuama ya ukanda huu wa Ziwa Viktoria yana kichocho, na nimeshaandikiwa vipimo.)

Siku ya 3. Jumanne, 11 Machi. Lukaya

Niliamka na adhana ya alfajiri, nikatoka nje. Kulikuwa na ukungu mwepesi juu ya kinamasi na wakata mafunjo walikuwa tayari wanaingia na mapanga yao, wanatembea kwenye njia wanazozijua wenyewe.

Saa kama hii, mwaka ule, ndipo mapigano yalipogeuka. Brigedi ya 208 ilikuwa kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi. Ikaamriwa kugeuka usiku huo huo, ikatembea, na alfajiri ya tarehe 11 ikawapiga Walibya na askari wa Amin kutoka nyuma, huku 201 ikipiga kutoka mbele. Kitu hicho nilikuwa nimekisikia kwa yule askari mstaafu na kukisahau, kwa sababu nilikuwa nasikiliza namba za brigedi. Sikujiuliza hiyo 201 iliyopiga kutoka mbele ilikuwa ni kina nani. Ni wale wale. Hawakuletwa wengine. Ni waliokimbia saa chache kabla, waliokaa kwenye maji wakitetemeka, wakaitana wakati ukungu unainuka na kurudi. Walibya wapatao 200 waliuawa pale, na baada ya Lukaya njia ya Kampala ilikuwa wazi. Mji ule ukaanguka mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili.

Taarifa ya familia haisemi usiku wala asubuhi. Inasema Machi 1979. Sitajua kama Kipa alipigwa akienda au akirudi. Lakini mtu asiniambie tena "alikufa anakimbia" kana kwamba ndiyo habari yake nzima. Nimesimama pale. Mimi nisingeingia hata kwenye yale maji, na kama ningeingia nisingetoka upande wa bunduki.

Nilimtafuta Hajji kumuaga. Nilitaka kumwachia kitu, akakataa pesa kabisa, akapokea kilo mbili za sukari kwa ajili ya futari ya watoto. Kisha akanifundisha mahali pa kutazama: kichuguu nyuma ya duka moja la rangi ambapo, alisema, walifukiwa baadhi ya waliokufa kwa muda, wa pande zote, kabla hawajachukuliwa. Hakuna kibao. Kuna kamba ya nguo na mbuzi wawili. Nilipiga picha moja ya mbuzi na sijui kwa nini.

Jina la Kipa liko Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, dada yake huenda kama afya inaruhusu. Kwa hiyo si kwamba amesahauliwa. Ila ningefurahi kuona hata jiwe moja pale Lukaya, na liwe na majina ya watu wa Masaka pia.

Siku ya 4 na ya 5. Kampala

Nilikaa kwa mpwa wangu Kansanga, nikapumzika magoti. Njiani tulipita Kayabwe, penye mstari wa Ikweta, watalii wanapiga picha miguu kila upande. Daraja la Katonga lililokatika Mei 2023 sasa linapitika bila shida.

Siku ya 6. Ijumaa, 14 Machi. Kampala – Bukoba

Basi la moja kwa moja, 70,000. Waliandika saa 4 asubuhi, likaondoka saa 6 kasoro. Fika na maji na kitabu. Pale Lukaya lilisimama dakika kumi. Nikafungua dirisha nikanunua gonja nne, na muuzaji, binti mdogo, alihesabu chenji yangu akikimbia kando ya basi linaloondoka, akanirushia noti ya mwisho ndani. Ingekuwa rahisi tu kuacha kukimbia.

Mpakani tulichelewa kwa sababu ya mzigo wa mtu mmoja. Nililala nyumbani saa saba usiku.

Siku ya 7. Jumamosi, 15 Machi

Sikutaka kumpigia simu. Nilichukua bodaboda hadi kijijini kwake, gonja zimepoa ndani ya gazeti. Dada yake Kipa sasa ana miaka 74. Alikuwa anaanika maharage kwenye mkeka, akanisogezea kigoda, akapokea gonja kwa mikono miwili.

Nilimweleza yote kwa mpangilio. Fundi cherehani na duka la baba yake. Hajji. Makombora yaliyopita juu. Nilipofika pale waliposema walikimbia, nilisita, akaniambia, "Endelea, Mwalimu. Nilisikia siku ile kwenye mazishi. Endelea." Nikaendelea. Yule mfupi wa jikoni. Mafunjo, na wanaotoka wakiitana. Nilimwonyesha picha, hata zile za giza, na alizitazama za giza kwa muda mrefu kuliko nyingine. Aliikuza moja kwa vidole viwili, kama anavyofanya mjukuu wake, akiisogeza huku na huku.

Alichambua maharage kidogo. Akaondoa jiwe, akalitupa kwenye migomba.

"Na maji ya pale," akauliza, "ni ya baridi?"

"Hapana, dada. Niliingia mwenyewe, usiku. Ni vuguvugu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akaniwekea tatu kiganjani.